Mwongozo kamili: shada la mlangoni la mawaridi ya karatasi na vibendera vya kitenge kwa mashine ya kukatia maumbo

Mashine ya kukatia maumbo ina rola mbili za chuma, mkono wa kuzungushia, na upenyo katikati. Unapitisha kalibu, ambayo wauzaji wengi huiita dai, pamoja na karatasi au kitambaa. Rola zinakandamiza, makali ya kalibu yanazama, umbo linatoka. Basi. Wengi wanaosema mashine yao haikati huwa hawana mashine mbovu. Kilichokosewa ni unene wa vitu walivyovipanga kati ya rola, au karatasi waliyochagua. Mambo hayo mawili ndiyo yanayobeba kazi yote, kwa hiyo tutakaa nayo kwanza kabla ya kugusa shada.

Mwongozo huu ni wa mashine ya mkono yenye upenyo wa inchi 6, yaani sentimita 15 hivi, kama Big Shot ya Sizzix. Mashine za kompyuta kama Cricut na Silhouette zinakata kwa kisu kidogo kinachofuata mchoro, na zina utaratibu wao. Ya mkono haihitaji umeme wala programu, na kwa kazi ya maua ya kurudiarudia ni ya haraka mno. Kama unaletewa mashine ya umeme na ndugu aliyeko Marekani, mwombe asome maandishi ya adapta kabla ya kununua: huko umeme ni volti 120, Tanzania na Kenya ni 230 hadi 240. Adapta iliyoandikwa 100–240 itafanya kazi huku. Iliyoandikwa 120 peke yake itaungua siku ya kwanza.

Kalibu nene na kalibu nyembamba

Kalibu nene ina unene wa milimita 16 hivi. Ndani yake kuna ukanda wa chuma uliokunjwa kufuata umbo, umefunikwa kwa sponji ili makali yasikukate mkono. Hii inakata manila, kitambaa, felti, hata kadibodi nyepesi. Kalibu nyembamba ni bati la chuma lisilozidi milimita moja, lenye ukingo mkali upande mmoja. Inakata karatasi moja kwa mara moja na inatoa nakshi ndogondogo ambazo nene haiwezi. Kitambaa na felti usizihangaikie kwa nyembamba: makali yake ni mafupi, nyuzi zinainama badala ya kukatika.

Kwa kazi ya mwongozo huu unahitaji kalibu nne: konokono, yaani umbo linalojizungusha kama kombe la konokono, kubwa (sm 12) na dogo (sm 8) za mawaridi, ya majani (matatu kwa kalibu moja), na pembetatu ya vibendera. Pembetatu lazima iwe nene. Nyingine zinaweza kuwa nyembamba.

Kupanga sandwichi

Mpangilio wa vitu vinavyopita kati ya rola huitwa sandwichi, na kila aina ya kalibu ina sandwichi yake.

Kwa kalibu nene: kibao cha plastiki chini, kalibu sponji ikitazama juu, karatasi au kitambaa juu yake, kisha kibao cha pili. Kitako, yaani bamba la chini linalokuja na mashine, hakiingii hapa.

Kwa kalibu nyembamba: kitako chini, kibao, kalibu makali yakitazama juu, karatasi, kibao cha pili. Vitako vingi vina kurasa za kufunua na kufunga ili kubadili unene, na mpangilio umechorwa juu yake. Fuata mchoro wa mashine yako. Vibao vya kampuni moja usivichanganye na vya nyingine hata kama vinalingana kwa urefu na upana, kwa sababu tofauti ya nusu milimita inatosha kuzuia makali yasifike au kuvunja kibao.

Uso mzuri wa karatasi uelekee makali. Upande yanakoingilia makali ukingo unainama kidogo na kuwa laini. Upande wa pili unabaki na kijimchubuko unachoweza kukihisi kwa kidole.

Sasa mkono. Sandwichi sahihi inaingia kwa upinzani wa wastani, kama kusukuma chapati nene kwa mpini. Vibao vitalia, vitapasuka sauti kama kuni kavu, na hiyo ni kawaida. Ukihisi mkono umekwama kabisa, acha. Rudisha nyuma, toa kila kitu, hesabu matabaka upya. Anayelazimisha anavunja meno ya gia ndani ya mashine, na gia hizo si rahisi kuzipata dukani. Ukihisi mkono unazunguka kama hamna kitu, ujue unene umepungua na hakuna kitakachokatika.

Kalibu usiinyooshe sambamba na rola. Ilaze mshazari kidogo, nyuzi 10 hivi zinatosha, ili ukingo mrefu uingie polepole kuanzia ncha moja. Hili ni muhimu zaidi kwa pembetatu ya vibendera: ukiiingiza ubavu mzima kwa mpigo, rola zinakutana na sm 12 za chuma kwa wakati mmoja na mkono unagoma.

Karatasi

Kwa mawaridi ya konokono chagua karatasi ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi, gramu 80, inaviringika vizuri lakini ua linalala baada ya siku chache. Manila ya gramu 220 inakatika safi ila haikubali kuviringika: inajifungua kama springi na inavunjika mistari kwenye petali.

Kabla ya kununua, chana kona ya karatasi moja, au mwombe muuzaji akuoneshe iliyochanika. Tazama katikati ya unene wake. Karatasi iliyotiwa rangi mpaka ndani inaonesha rangi ileile. Iliyopakwa juu tu inaonesha utepe mweupe. Ua la konokono limejaa kingo zilizokatwa, zote zinatazama juu, kwa hiyo weupe huo utaonekana kama mstari wa chokaa kuzunguka kila petali. Kwa jani halidhuru. Kwa waridi jekundu linaharibu kazi yote.

Nyakati za masika Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, karatasi inanyonya unyevu hewani. Karatasi yenye unyevu haikatiki, inachanika, na ukingo unatoka na vinyweleo kama pamba. Hifadhi karatasi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa au kasha la plastiki lenye mfuniko. Iliyokwisha kulegea ipige pasi ya moto mdogo bila mvuke, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cha pamba, kisha iache ipoe kabla ya kukata.

Vifaa vya shada la sm 30

- karatasi 5 za A4 za rangi ya maua, gramu 120 hadi 160
- karatasi 2 za A4 za kijani kwa majani
- kadibodi ngumu ya boksi, vipande viwili vya sm 32 kwa 32
- kitenge au kanga, kipande cha sm 16 katika upana wote wa kitambaa
- gundi nyeupe ya maseremala, na bunduki ya gundi ya moto yenye vijiti 6 hadi 8 vya milimita 7
- kijiti cha meno au sindano nene, kibano, mkasi, kisu cha kukatia karatasi, rula
- utepe au waya mwembamba wa kutundikia, sm 30

Kukata

Usipitishe A4 nzima, kwanza haitapita. Kata kila karatasi ya maua kwa urefu iwe vipande viwili: kimoja cha upana wa sm 12.5, kingine sm 8.5. Kile cha sm 12.5 kigawe mara mbili kwa konokono kubwa. Cha sm 8.5 kigawe mara tatu kwa konokono dogo. Karatasi moja inatoa makubwa 2 na madogo 3 bila kupoteza kitu, na karatasi 5 zinatoa makubwa 10 na madogo 15. Shada linahitaji 9 na 14. Moja la ziada kila upande ni kwa ajili ya lile litakalochanika, na la kwanza huchanika mara nyingi.

Kwa majani, karatasi za kijani zigawe vipande vya sm 7 kwa 9.9, vipande 9 kwa kila karatasi. Kalibu yenye majani matatu ikipita mara 14 unapata majani 42.

Kalibu nyembamba huteleza ndani ya sandwichi, hasa kipande kikiwa kidogo. Ibane kwa vipande viwili vya utepe wa wapaka rangi, ambao kwanza umeubandika na kuubandua mara mbili tatu kwenye nguo ili upunguze nguvu. Utepe mpya unachana uso wa karatasi.

Konokono ikitoka, usiivute kwa ncha. Chomeka sindano kwenye vitundu vidogo vya nyuma ya kalibu, sukuma taratibu kuanzia katikati. Sehemu nyembamba zaidi ya konokono ni milimita chache tu, na hapo ndipo panapochanika. Karatasi ikiendelea kung'ang'ania, weka kipande cha karatasi ya kuokea mikate kati ya kalibu na karatasi yako. Inateleza, na umbo linatoka lenyewe.

Kuviringisha waridi

Konokono ina ncha ya nje na duara dogo katikati. Wengi wanaanza kuviringisha kutoka katikati kwa sababu ndiyo inayoonekana kama kitovu cha ua. Anza nje. Duara la katikati ni la mwisho, ndilo litakalokuwa kitako.

1. Pitisha kingo za juu za petali kwenye mpini wa mkasi au kalamu ili zijikunje kidogo kuelekea nje. Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo inayotofautisha waridi na skrubu.
2. Bana ncha ya nje kwa kibano, viringisha mizunguko mitatu ya kwanza ikiwa imekaza. Ukingo wa chini, ule ulionyooka, uwe sawasawa kila mzunguko. Ukipanda, ua litasimama upande.
3. Endelea kwa vidole, ukilegeza kadiri unavyokwenda.
4. Ukifika kwenye duara, laza ua kwenye meza na uliachie. Litafunguka lenyewe. Likifika upana unaoutaka, sm 4 hadi 5 kwa kubwa na sm 3 kwa dogo, lishike.
5. Tia tone la gundi la ukubwa wa punje ya mbaazi kwenye duara, likunje chini ya ua, kandamiza. Gundi ya moto inataka sekunde 20. Nyeupe inataka dakika 10 chini ya kitu kizito kama kikombe.

Ua likifunguka tena baada ya gundi kukauka, gundi haikugusa mizunguko ya nje. Geuza ua, ongeza gundi pembeni mwa duara, si katikati.

Gundi ya moto inaunguza vibaya kwa sababu inang'ang'ania ngozi. Weka bakuli la maji baridi mezani kabla ya kuwasha bunduki, na watoto wapewe gundi nyeupe.

Kitako cha shada

Duara hili halipiti kwenye mashine, likate kwa mkono. Chora mduara wa nusu kipenyo sm 15 na mwingine wa ndani wa sm 10 kwa uzi na penseli. Kata pete mbili. Ukizibandika, mifereji ya kadibodi moja ikatize ya nyingine, ili pete isipinde kwa unyevu. Iweke chini ya vitabu usiku mzima.

Kipande cha kitenge kichane vipande vinne vya upana wa sm 4. Ukiunganisha unapata mita 4 na zaidi, zinazotosha kuzungusha pete yote. Kila mzunguko upande juu ya uliotangulia, sentimita moja kwa upande wa nje. Kwa ndani vitapandana zaidi kwa sababu duara ni dogo, na hilo halina neno. Funga waya wa kutundikia sasa, kabla ya maua. Ukisubiri mpaka mwisho utaponda mawaridi ukitafuta pa kupitishia.

Kupanga

Panga yote bila gundi kwanza. Weka mawaridi makubwa kwa vikundi vya tatutatu katika sehemu tatu za pete, si kwa nafasi sawa kama tarakimu za saa. Madogo yajaze kati ya vikundi na kingo. Majani yakunjwe katikati kwa urefu ili yapate mshipa, kisha yaingizwe chini ya maua yakitazama upande mmoja wa mzunguko. Yakitazama kila upande shada linaonekana limevurugika hata kama kila ua ni zuri.

Bandika makubwa, kisha majani, madogo yawe ya mwisho yakificha gundi iliyotokeza.

Shada litakalokaa ndani linaweza kubandikwa kwa gundi ya moto tupu. La mlango wa chuma unaopigwa na jua la mchana, hapana. Bati linapata joto, gundi ya moto inalainika, na saa nane mchana utakuta mawaridi kibarazani. Kwa mlango huo tumia gundi nyeupe kwa kila ua na uliache shada siku nzima likauke. Jua pia linapausha karatasi, nyekundu na waridi kabla ya nyingine, kwa hiyo baraza yenye kivuli inalitunza shada muda mrefu zaidi.

Vibendera vya kitenge

Kamba ya mita 3 yenye vibendera, kwa sebule siku ya Idi, Krismasi au sherehe ya mtoto, inachukua vibendera 18 vya upana wa sm 12 na kimo cha sm 14, nafasi ya sm 4 kati yake. Nunua nusu mita ya kitenge kwa vya upande mmoja, mita moja kama unataka nyuma nako kuwe na uso. Kamba iwe mita 4, nusu mita ya kufungia kila upande.

Fua kitenge kwanza kitoe wanga wa kiwandani na kimalize kusinyaa. Kisha kitie kanji, kipige pasi mpaka kikakamae kama karatasi. Kitambaa kilicholegea kinaingizwa na rola kwenye mianya ya kalibu badala ya kukatwa, na unatoa pembetatu yenye nyuzi tatu nne ambazo hazijakatika. Kata vipande vya sm 14 kwa 16, panga vinne kimoja juu ya kingine, pitisha kwa kalibu nene. Ukihisi mkono mzito, punguza viwe viwili. Kwa kingo zisizochanuka, pachika nyuma kwa pasi kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi cherehani hukitia kwenye kola, kabla ya kukata.

Mashine ikikata upande mmoja tu

Hapa ndipo watu wanapoanza kuongeza karatasi ovyo. Fanya jaribio moja kwanza. Kata, weka alama mahali palipogoma, kisha geuza kalibu nyuzi 180 na ukate tena. Palipogoma pakihama pamoja na kalibu, tatizo ni kalibu: makali yamechoka au yamepinda hapo. Pakibaki upande uleule wa mashine, tatizo ni vibao au rola.

Vibao hupinda kwa sababu vinakandamizwa upande mmoja daima. Vigeuze juu chini na mbele nyuma kila baada ya mapito machache, na usiweke kalibu mahali palepale kila siku. Mikwaruzo ya makali kwenye plastiki ni ya kawaida. Kibao kitupwe kikianza kumeguka vipande au kikipinda kiasi cha kuyumba juu ya meza.

Kama bado hakikati, ongeza karatasi ya fotokopi moja chini ya sandwichi. Ikibidi, ya pili. Ikiwa ni sehemu ndogo tu inayogoma, kata kipande cha karatasi cha ukubwa wa sehemu hiyo, kibandike kwa selotepu nyuma ya kibao, palepale. Kwa nakshi nzito, pitisha mbele, rudisha nyuma, geuza sandwichi robo mzunguko kama ukubwa wake unaruhusu, pitisha tena.

Kalibu nyembamba zihifadhi kwenye shiti la sumaku, au bahasha zenye majina. Pwani zifute kwa kitambaa kikavu baada ya kila kazi, kwa sababu hewa ya chumvi inaanza kutia kutu kwenye makali, na kutu hiyo inaacha doa la kahawia kwenye ukingo wa karatasi nyeupe ya kwanza utakayokata.